Dole Gumba la Seremala

“Hivi huyu mjumbe wetu, kama hapigi kura, huko bungeni anakwenda kufanya nini? Kuhesabu viti?”

Swali hilo aliliuliza fundi cherehani asubuhi moja, akizungumza na jirani yake mama dobi juu ya ukuta mfupi uliotenganisha nyua zao. Mama dobi alikuwa anapuliza mkaa kwenye pasi. Hakujibu upesi, maana hakuwa mtu wa kujibu upesi. Alikung’uta majivu, akasema mwenye kujua ni mjumbe mwenyewe, na koti lake lile pale kwenye kamba. Akija kulichukua aulizwe. Fundi cherehani akacheka, akarudi kwenye mashine yake, na swali likaishia hapo.

Kwa watu wazima liliishia hapo. Kwa Kalamu halikuisha.

Kalamu alikuwa binti mdogo wa mama dobi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa shuleni kwa ajili ya mwandiko wake, kwani herufi zake zilisimama wima kama kola zilizotiwa wanga. Kila siku aliamka, akachota maji ya kufulia ndoo sita, akafagia ua, akamsaidia mama kukunja shuka za watu, ndipo akavaa sare na kushika njia ya shule. Siku ile alifanya yote hayo huku swali la jirani likimzunguka kichwani kama nzi. Alipofika darasani akamuuliza mwalimu.

Mwalimu alichora duara ubaoni, akasema hilo ni Bunge. Kila mkoa, alieleza, unachagua wabunge wake, nao hujadili mambo na kupiga kura. Lakini nchi hii ina sehemu chache ambazo si mikoa. Huitwa maeneo. Zilijiunga baadaye, watu wake si wengi, na sheria inaipa kila moja mjumbe mmoja tu. Mjumbe huyo anaingia Bungeni, ana kiti chake, anauliza maswali, anazungumza mbele ya kamati. Ikifika saa ya kura, wenzake wananyoosha mikono, yake inabaki magotini.

“Kwa hiyo ana mdomo tu,” akasema mmoja wa dawati la nyuma, na darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alisema ndiyo, ana mdomo tu, na kazi yake ni kuufanya mdomo huo uinue mikono ya wengine. Kalamu aliyaandika maneno hayo daftarini, akayapigia mstari. Alidhani ameyaelewa.

Mwezi uliofuata ikaja habari iliyowakausha watu vicheko. Bunge lilikuwa linapanga kufunga zahanati zenye wagonjwa wachache, na zahanati ya eneo lao ilikuwa kwenye orodha. Watu wa kule waende hospitali ya mkoani, ilisemwa. Waliosema hivyo hawakuwa wameiona njia yenyewe: milima miwili, nusu siku kwa gari wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ni kudra za Mungu.

Nyumbani kwa mama dobi habari hiyo iliingia kama moshi, ikajaa kila pembe. Dada yake Kalamu alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Mwaka uliotangulia alipoteza mtoto wa kwanza, na yeye mwenyewe alivuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Kilichomwokoa ni kwamba zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na mkunga alikuwepo. Sasa mkunga huyohuyo alikuwa ameagizwa afungashe. Kalamu alipompeleka dada kupimwa, alikuta makasha mawili chini ya kitanda cha kujifungulia. Mkunga alikuwa anahesabu mikasi na vibano, kimoja kimoja, na kuviandika. Alimpima dada, akamsikiliza mtoto tumboni, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kama zahanati itafungwa mwisho wa mwezi, basi dada ahamie karibu na hospitali mapema.

“Nihamie kwa nani?” dada akauliza.

Mkunga alirudi kuhesabu mikasi.

Kuanzia siku hiyo dada alikuwa halali vizuri. Mama naye sala zake zilirefuka. Kalamu alimsikia kila alfajiri akimwomba Mungu jambo lilelile kwa maneno yaleyale, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua ndani mna mtu.

Ndipo mjumbe akaja. Alikuwa mtu mwembamba, mpima ardhi wa zamani, mwenye koti moja la kahawia ambalo mama dobi alilifua na kulinyoosha mara nyingi hadi akalijua kila mshono. Aliwakusanya watu kwenye ukumbi wa shule, akawaambia bila kuzunguka. Jumatatu ijayo atakuwa mbele ya kamati ya afya ya Bunge. Kamati ndiyo itakayoamua, na Bunge zima litafuata. Amepewa dakika saba. Kura hana. Anachotaka ni maneno yao wenyewe: kila nyumba iseme zahanati imewafanyia nini mwaka huu.

Utaratibu aliuweka wazi, kwa sababu wengi wa pale hawakujua kusoma. Wanafunzi wenye mwandiko mzuri watapita nyumba hadi nyumba, kila mmoja na mtaa wake. Mtu aseme, mwanafunzi aandike vilevile, amsomee, na mwenye maneno akiridhika atie dole gumba chini. Pasipo kusomewa hakuna dole, na baada ya dole hakuna kuongeza hata nukta.

Kalamu alipewa Mtaa wa Tanuri, nyumba kumi na nane, pamoja na kidau cha wino.

Alianza kwa moyo mkubwa, lakini kila nyumba moyo ukapungua. Alitarajia kusikia mambo ya kuwaliza wabunge. Alichosikia kilikuwa kikohozi. Mtoto alichomwa sindano ya surua. Bibi alipewa miwani. Kidonda cha mguu kilisafishwa, kikapona. Fundi cherehani alisema alijichoma sindano ya mashine kwenye kidole, na alitaka iandikwe kwamba ilikuwa ya mkono wa kulia. Kalamu aliandika, akasoma, wakatia madole. Njiani alizitazama karatasi zile akaona giza. Nani atanyoosha mkono kwa ajili ya kikohozi?

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya seremala. Huyu alikuwa mzee wa maneno machache. Penseli yake ilikaa juu ya sikio la kulia mchana kutwa, na watu walitania kwamba hata akioga haitoi. Mkewe ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Mtaa mzima ulimwita Mama Kicheko. Siku hiyo Mama Kicheko hakuwepo, kwa hiyo Kalamu alilazimika kuyachota maneno kwa seremala mwenyewe, tena hakuacha kupiga randa.

“Mke wangu alianguka jikoni,” alisema. “Presha. Tukamweka kwenye mkokoteni tukamkimbiza zahanati. Ni karibu.”

Kalamu akangoja. Randa ikapita juu ya ubao, mara moja, mara mbili. Akauliza kama kuna mengine. Seremala akasema mengine ya nini, mambo ndiyo hayo. Kalamu akamsomea, seremala akafuta kidole kwenye aproni, akakichovya, akakigandamiza chini kabisa ya karatasi. Kati ya neno la mwisho na dole lile ilibaki nafasi ya mistari miwili mitupu.

Jioni ile, nyumba zote zikiwa zimekwisha, tumbo lilimkaza dada. Mkunga aliitwa, akasema si uchungu, ila asisimame tena zaidi ya lazima. Kalamu alikaa mlangoni na karatasi zake mapajani, akimsikiliza dada akiugulia chumbani. Akakumbuka swali la fundi cherehani. Akakumbuka ule mdomo wa kuinua mikono ya wengine. Mtu asiye na kura, aliwaza, lazima apige kelele kuliko wenye kura. Akaichukua karatasi ya nyumba ya kumi na moja. Aliitazama ile mistari miwili mitupu, na mkono wake ukaijaza kwa herufi nzuri zilizosimama wima:

“Siku hiyo hapakuwa na mkunga. Tukashika njia ya hospitali ya mkoani, na mke wangu akafariki kabla ya mlima wa pili.”

Asubuhi alizikabidhi zote kumi na nane kwa mjumbe. Mjumbe alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akapanda basi.

Jumatatu saa nane mchana, mtaa ulikusanyika kwenye baraza ya fundi cherehani, kwani redio yake ndiyo iliyoshika vizuri. Dada aliletewa kiti, akaegemezwa na mto. Mama Kicheko alikaa katikati na ungo wa mchele mapajani, akichambua na kuwachekesha watu. Seremala alisimama pembeni.

Sauti ya mjumbe ikatoka redioni. Watu wakanyamaza. Alieleza eneo, milima, njia. Akasema amebeba maneno ya nyumba mia mbili na kumi na mbili, na kwa kuwa dakika ni chache atasoma karatasi moja tu.

“Mtaa wa Tanuri,” akasema, “nyumba ya kumi na moja. Ni maneno ya seremala.”

Mama Kicheko akainua uso na kutabasamu, akimtazama mumewe. Tabasamu hilo lilibaki pale wakati wa kuanguka jikoni na wakati wa mkokoteni. Kisha mjumbe akasoma mistari miwili ya mwisho, polepole, kama msomaji wa mazishi.

Mama Kicheko alishusha macho kwenye mchele. Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe, halafu vikasimama.

Redioni mbunge mmoja akaomba nafasi. Alisema anampa mjumbe pole, lakini kila wiki zahanati hupeleka nakala ya daftari lake wizarani, naye anayo hapa. Jina la mke wa seremala wa nyumba hiyo limo. Jumanne iliyopita alichukua dawa za presha, akaweka sahihi.

“Marehemu wenu anatembea, mheshimiwa,” alisema. “Na kama huyu anatembea, hizo karatasi nyingine mia mbili na kumi na moja tuziamini vipi?”

Mjumbe akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya mwanzo, kwamba anaomba hadi Alhamisi aende akajue ukweli. Mwenyekiti alikubali shingo upande.

Fundi cherehani akazima redio. Halafu watu wote wakamgeukia seremala.

Walisema mengi. Mmoja aliuliza kama ameshapata mwingine hata amzike huyu. Mwingine alisema amewaponza wote, na sasa zahanati ndiyo basi. Dada alilia bila sauti. Seremala aliwasikiliza wote, kisha akasema neno moja, kwamba yeye hakusema vile.

“Dole ni la nani?” fundi cherehani akamuuliza.

“Dole ni langu.”

Akanyanyua macho. Hayakwenda kwa fundi cherehani. Yalipita juu ya vichwa vya watu hadi kwenye nguzo ya mwisho ya baraza, alikosimama Kalamu, yakatulia pale kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akamshika mkewe mkono, wakaenda zao.

Usiku kucha Kalamu aligeuka kitandani. Kulipokucha alishika njia ya shule. Alipopita karibu na karakana, aliona meza mbili zilizokuwa zimeagizwa zikirudishwa ndani, wenyewe wamezikataa. Mtu fulani alikuwa ameandika kwa mkaa mlangoni: MUUA MKE. Seremala hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa anafanya kazi chini ya maneno hayo bila kuyafuta. Kalamu alisimama barabarani akayasoma.

Alirudi nyumbani badala ya kwenda shule. Mama alikuwa ananyoosha shati.

“Mama,” alisema, “seremala hakusema vile. Ni mimi.”

Pasi ilikwenda hadi mwisho wa mkono wa shati, ikarudi. Mama akaisimamisha. Alimtaka aeleze yote tangu mwanzo, na Kalamu akaeleza, kuhusu kikohozi, kuhusu ile nafasi, kuhusu tumbo la dada. Alitarajia kofi. Alitamani hata lije. Mama alifunika pasi, akafunga kanga kiunoni, akasema maneno mawili tu.

“Vaa viatu.”

Walimkuta seremala akipiga randa, na Mama Kicheko amekaa kwenye kigoda akishona kifungo. Kalamu akaamkia, shikamoo babu, shikamoo bibi. Seremala akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kalamu alisema alichokuja kusema. Maneno yalimkwama mara tatu, na mara zote tatu mama yake hakumsaidia.

“Nilijua tangu jana,” seremala akasema. “Ulinisomea kwa mdomo wako. Masikio yangu hayana ubaya.”

“Mbona hukunitaja mbele ya watu, babu?”

“Nilitaka uje kwa miguu yako.”

Mama Kicheko aliuma uzi, akamtazama mtoto. “Sasa mwenzangu,” alisema, “ulinizika kabla ya mlima wa pili. Angalau ungenivusha, kule ng’ambo kuna kivuli.” Lakini hakucheka, na Kalamu akaona kwamba macho yake yamevimba. Tangu jana, alieleza baadaye, kila akifumba macho alijiona kwenye ule mkokoteni, na kila akiyafumbua alisikia watu wakimtukana mumewe.

Mama dobi alichukua ndoo na kitambaa, akampa Kalamu, akamwonyesha mlango. Kalamu akayafuta yale maneno ya mkaa, herufi moja baada ya nyingine, watu wakipita na kumtazama.

Mjumbe alishuka kwenye basi alasiri hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu, na koti la kahawia lilikuwa limekunjamana kama gunia. Alikaa kwenye kiti cha mama dobi, mbele ya Kalamu, na kumsikiliza hadi mwisho. Hakufoka. Ingekuwa rahisi zaidi kama angefoka.

“Unajua kwa nini wale wabunge wanaweza kukosea na siku inayofuata wakaendelea?” akamuuliza. “Kwa sababu mbunge akisema uongo leo, kesho bado ana kura yake. Mimi sina. Nikiingia mle ndani, nina kitu kimoja tu mfukoni: wakinisikia, wananiamini. Hicho ndicho ulichoniondolea.”

Kalamu akasema alidhani kikohozi hakitoshi.

Mjumbe alitazama sakafu. Kisha akasema jambo ambalo Kalamu hakulitegemea kutoka kwa mtu mzima. Alisema hata yeye alidhani hivyo. Alikuwa na karatasi mia mbili na kumi na mbili, akaruka vikohozi vyote, akachagua ile iliyokuwa na kifo. Hakumpigia mtu simu kuuliza, ingawa mtu wa kumpigia alikuwepo. Kosa ni la watu wawili, na wawili watalibeba.

Wakaanza palepale. Mjumbe alibeba karatasi, Kalamu akatembea mbele yake, na kwenye kila mlango wa Mtaa wa Tanuri ilimpasa aseme mwenyewe alichofanya, kisha mjumbe amsomee mwenye nyumba karatasi yake na kuuliza kama ndivyo alivyosema. Nyumba ya tatu walimfungia mlango usoni, mjumbe akabisha tena. Nyumba ya tisa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimuuliza Kalamu kama anajua amewafanya nini. Kalamu akasema anajua. Fundi cherehani aliposomewa yake, alisema ndivyo, mkono wa kulia, akaongeza kwamba leo hana utani. Walimaliza Jumatano asubuhi. Nyumba zote kumi na saba zilisema ndivyo.

Kisha mjumbe akamwekea Kalamu karatasi nyeupe, akamwambia aandike ya kwake. Aliandika. Akaisoma kwa sauti mbele ya mama na dada. Akachovya dole gumba, akaligandamiza chini ya neno la mwisho kabisa, bila kuacha nafasi.

“Itatosha?” dada akauliza. Alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya tumbo.

“Sijui,” mjumbe akasema. Akalichukua koti lililonyooshwa, akaondoka. Mama Kicheko naye alipanda basi lilelile, amevaa gauni lake zuri, na ungo ameuacha nyumbani.

Alhamisi watu walirudi barazani, lakini hawakukaa. Walisimama, kama walio tayari kutawanyika. Dada hakuweza kuja. Kalamu alisimama mahali palepale, kwenye nguzo ya mwisho.

Mjumbe alianza kwa kusema kwamba Jumatatu alisoma mbele ya kamati jambo lisilo kweli, na kwamba hakulihakiki. Akasoma karatasi ya Kalamu kama ilivyo. Kusikia maneno yake redioni, mbele ya nchi nzima, kulimuunguza Kalamu tangu masikioni hadi kifuani, lakini hakukimbia. Halafu ikasikika sauti nyingine, nene, ya kawaida ya mtaani.

“Mimi ndiye marehemu,” alisema Mama Kicheko. “Nilianguka jikoni, nikapelekwa kwa mkokoteni, nikakuta mkunga. Kama nisingemkuta, yale aliyoandika mtoto yangekuwa kweli. Sina zaidi.”

Mwenyekiti akauliza kuhusu karatasi nyingine. Mjumbe akasema zile za mtaa ule zote amezirudia, mlango kwa mlango, na dakika zilizobaki atazisoma jinsi zilivyo. Akasoma kikohozi. Akasoma surua, na miwani ya bibi, na kidonda cha mguu. Akasoma kidole cha fundi cherehani, cha mkono wa kulia. Hakupandisha sauti popote. Barazani watu waliyasikia maisha yao yakipita moja baada ya jingine, madogo, na hakuna aliyecheka. Dakika ziliisha akiwa kwenye nyumba ya kumi na nne.

Yule mbunge wa daftari akaomba tena kusema. Kalamu alishika nguzo kwa mikono miwili. Mbunge alisema wakati mjumbe akisoma, yeye alikuwa anafuata kwa kidole kwenye nakala yake, na kila kikohozi amekikuta, tarehe yake na dawa yake. Akakaa.

Ikaja kura. Mtangazaji alisema kwa sauti ya kunong’ona kwamba wabunge wa kamati wananyoosha mikono, na kwamba mjumbe wa eneo amekaa, mikono magotini. Kalamu alifumba macho, akaiona ile mikono. Kumi wanataka zahanati ibaki. Saba hawataki.

Watu hawakushangilia. Walishusha pumzi, kama waliotua mzigo ambao bado wanahisi uzito wake begani. Fundi cherehani alikaa kitako sakafuni akafuta uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona. Mama dobi aliinamisha kichwa, midomo ikicheza, akimshukuru Mungu, ambaye mlango wake aliugonga kila alfajiri.

Wiki ya pili mkunga alifungua makasha, akarudisha mikasi kabatini. Dada alijifungua hapo mwezi uliofuata, mchana, kwa shida, damu ikiwa nyingi tena. Mkunga alikuwepo. Mtoto alilia kwa hasira, na dada akaishi.

Mjumbe alipopita kuchukua koti lake, alimkuta Kalamu akikunja shuka. Alimtazama mtoto mchanga, akamwambia Kalamu kwamba siku akiulizwa mjumbe wao huko bungeni hufanya nini, aseme hivi: hubeba maneno ya watu wake bila kuyamwaga na bila kuyaongezea maji. Mama dobi aliyesimama na pasi mkononi akaongeza la kwake. Mwandiko mzuri, alisema, Mungu amempa ili maneno ya watu yasomeke. Hakumpa ili awatungie maneno. Dada anamtazama mwanawe leo kwa sababu watu waliambiwa ukweli, na ule ukweli ulikuwa mdogo, tena mtupu, tena ulitosha. Kalamu akasema amesikia. Safari hii hakuandika mahali popote.

Mjumbe alikuwa ameagiza karatasi ya nyumba ya kumi na moja iandikwe upya, ikae na zile nyingine kwenye kumbukumbu za eneo. Seremala angeweza kumwita mwanafunzi yeyote. Jioni moja, jua likiwa bado juu ya ukuta, aliingia uani kwa mama dobi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaweka karatasi mbele ya Kalamu.

Akasema maneno yaleyale. Mke wangu alianguka jikoni. Presha. Tukamweka kwenye mkokoteni tukamkimbiza zahanati. Ni karibu. Akafikiri kidogo, akaongeza moja: akapona.

Kalamu aliandika, neno kwa neno. Akasoma. Seremala akamwambia asome tena. Akasoma tena. Akamwambia mara ya tatu, na mara hiyo alifumba macho akisikiliza.

Kisha akachovya dole gumba, akaligandamiza chini kabisa ya karatasi, palepale alipoliweka mara ya kwanza. Nafasi ya mistari miwili ikabaki katikati. Wote wawili waliitazama. Seremala akachomoa penseli sikioni, na kwa mkono wa mtu aliyenyoosha mbao maisha yake yote, akapiga mstari kutoka neno la mwisho hadi kwenye dole, akaukoleza mara mbili. Akairudisha penseli mahali pake, akaiacha karatasi mikononi mwa Kalamu aipeleke, akainuka, akatoka.